Alphard nyeusi 202: nimalizie na polishi gani na pedi ipi ili hologramu ziishe kabisa?

mng'aro_tz

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kwenye hatua ya mwisho ya polishi, hapo ndipo nakwama.

Gari ni Alphard nyeusi, kibati cha chumba cha injini kinasoma C/TR 202 (202 ndiyo namba ya rangi). Rangi ni ya kiwandani, isipokuwa fenda ya kushoto na bampa ya mbele zilizopigwa upya miezi 4 iliyopita kwa kliya (tabaka angavu la juu ya rangi) ya 2K, yaani ya kuchanganywa na kigumu, bila tanuri. Ilikuwa imejaa mikwaruzo ya kuoshea, ile inayofanana na utando wa buibui ukiimulika.

Kilichofanyika: imeoshwa, imepitishwa klei (udongo wa kunasa uchafu uliogandia rangi), ikapigwa Farecla G3 kwa pedi ya sufu kwenye rotari (mashine inayozungusha pedi upande mmoja tu), mizunguko 1,800 kwa dakika, halafu nta. Siku ile ilikuwa kama kioo. Baada ya kuoshwa mara 3, jua la saa 4 asubuhi likaonyesha mistari mirefu ya kung'aa milango yote ya kutelezesha, na mistari inatembea kadiri unavyotembea. Nikarudia G3 kwa sponji ya njano kwenye rotari ileile. Mistari imepungua, ila sasa rangi ina ukungu wa kijivu, weusi wake umepauka.

Vifaa nilivyonavyo: rotari, DA (mashine inayozungusha pedi huku ikiiyumbisha) ya mzunguko wa milimita 15 yenye sahani ya kubandikia pedi ya milimita 125, seti ya sponji isiyo na jina la kampuni (njano, buluu, nyeupe), na vitambaa vya maikrofaiba.

Maswali yangu:
1. Nichukue ipi ya kumalizia: Menzerna 3800, Meguiar's M205, au 3M ya kifuniko cha buluu?
2. Pedi ya rangi gani?
3. Nimalizie kwa rotari au DA?
4. Pedi ngapi zinatosha gari kubwa kama hili?

PediNyeupe

Mkuu, kabla hujatoa hela ya chupa nyingine, tuangalie kwanza kilichotokea.

G3 ni dawa ya kukata. Imetengenezwa kufuta alama za msasa kwenye rangi iliyopigwa. Chembe zake huanza zikiwa kubwa na huvunjika kadiri unavyosugua, ndiyo maana inataka maji ya kunyunyizia na inataka muda. Kwa sufu na mizunguko 1,800, dawa hukauka kabla chembe hazijasagika vya kutosha. Halafu unyoya wa sufu nao unachora, tena unachora ukizunguka upande mmoja tu, kwa hiyo mistari yote inalala kufuata njia ya mashine. Hiyo ndiyo hologramu. Nta ikaijaza, sabuni ikaitoa nta. Mistari ilikuwepo tangu siku ile ile.

Sasa rangi yenyewe. Nyeusi 202 ni laini, na wanaopiga polishi magari ya Japani wanaiogopa kwa haki. Kinachofutika upesi huchoreka upesi. Halafu 202 nyingi za kiwandani ni rangi ya tabaka moja, hazina kliya juu. Pima hivi: tone moja la polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua kwa kidole sehemu iliyojificha, mfano chini kabisa ya mlango. Kitambaa kikitoka cheusi, unasugua rangi tupu. Fanya hivyo hivyo kwenye fenda iliyopigwa upya. Kule kikibaki cheupe ujue ni kliya, na zile ni kazi mbili tofauti kwenye gari moja. Ukiwa na rangi tupu, pedi itakuwa nyeusi ndani ya dakika moja. Usidhani ni uchafu wa gari. Ni rangi iliyokufa inayotoka, na inajaza matundu ya sponji haraka kuliko kliya inavyofanya.

Swali la 2 ndilo lenye mtego. Rangi ya sponji haina maana yoyote mpaka ujue ni ya kampuni gani. Rupes, buluu ndiyo kali kuliko zote, ikifuatiwa na kijani, njano, na nyeupe ndiyo laini kabisa. 3M wamegeuza: kijani ni ya kukata, njano ya kati, buluu ndiyo ya mwisho kabisa, ya kuondoa hologramu. Lake Country, njano ni ya kukata kwa nguvu, chungwa inafuata, nyeupe ni ya polishi, nyeusi ya kumalizia. Yaani mtu akikuambia "malizia na buluu" huku mkononi una buluu iliyoiga Rupes, umekwenda kukata upya gari zima. Seti yako haina jina, na sponji ya njano imekuachia ukungu, kwa hiyo usiamini rangi. Amini kidole gumba. Bonyeza sponji ikiwa kavu: ya kukata inakusukuma, ya kumalizia kidole kinazama mpaka nusu ya unene bila kubishana, na inarudi taratibu. Kisha ipitishe mgongoni mwa mkono. Ukisikia inakwaruza ngozi hata kidogo, isiguse 202 hatua ya mwisho.

Kuhusu dawa, zote 3 ulizotaja ni nzuri, ila zinafanya kazi kwa namna tofauti.

Menzerna: namba inapanda kadiri makali yanavyoshuka. 400 ni ya kukata, 2500 ya kati, 3800 ya kumalizia. Chembe zake husagika njiani, kwa hiyo ukiacha katikati umeacha chembe ambazo bado ni kubwa. Ipe muda wake, mapito 5 au 6.

M205: chembe zake ni ndogo tangu mwanzo na hubaki hivyo hivyo. Makali unayapanga wewe kwa pedi na mkandamizo. Kwenye sponji ya kati inafuta hologramu vizuri sana, nguvu ambayo watu hawaitarajii kwa dawa ya kumalizia. Shida yake ni kwamba kwenye rangi laini kupindukia wakati mwingine inaacha vialama vidogo, hasa pedi ikishajaa.

3M ya buluu ni nyepesi sana. Inategemea umeshapita na 3M ya kifuniko cha njano. Ukiiwekea hologramu za sufu itakusumbua, itang'arisha juu ya mistari.

Ningekuwa na 202 hii ningepita mara 2: M205 kwa sponji ya kati kuondoa hologramu na ukungu, kisha 3800 kwa sponji laini kabisa. Zote kwa DA. Ukiwa na hela ya chupa moja tu, nunua M205 na uwekeze kinachobaki kwenye pedi.

Namna ya kufanya, na hapa naomba usikate kona:

Anza na mraba mmoja wa sentimita 50 kwa 50 katikati ya mlango, uzungushie tepu. Huu ni wa majaribio. Anza na kilicho dhaifu kuliko vyote, yaani 3800 na sponji laini. Kikifuta, umemaliza, huna haja ya kingine. Kisipofuta, badilisha pedi kabla ya kubadilisha dawa. Ukianza na kali hutajua kamwe kama dhaifu ingetosha.

Pedi mpya ya milimita 150 ipake dawa usoni kote kwa kidole, safu nyembamba, isiwe na doa kavu. Doa kavu la sponji linachora. Baada ya hapo matone 3 au 4 ya ukubwa wa punje ya choroko yanatosha kila mraba. Dawa ikizidi pedi inateleza tu na haikati, halafu unahangaika kufuta mafuta.

Tandaza kwa mwendo mdogo kabisa, kisha panda namba 4 ya mwendo wa DA kwa M205, namba 3 hadi 4 kwa 3800. Kila pito lifunike nusu ya lililotangulia, moja kwa kulala, linalofuata kwa kusimama. Mkono uende polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde. Mapito 2 ya mwisho usikandamize kabisa, mashine ijibebe yenyewe.

Piga mstari wa kalamu ya wino mzito ukingoni mwa sahani ya DA. Mstari ukionekana unazunguka, pedi inafanya kazi. Ukisimama na kutetemeka tu, umeegemea upande au umekandamiza mno, na mashine haifuti kitu. Milango ya Alphard ina mkunjo chini ya madirisha; hapo DA ya milimita 15 husimama sana.

Baada ya kila mraba safisha pedi kwa brashi ya nailoni au hewa ya kompresa, sekunde 10. Kila mraba, mkuu, usingoje umalize mlango.

Swali la 4: kwa Alphard yenye rangi inayotoka, sponji za kati 4 na laini 6 ndiyo hesabu ya haki. Pedi moja ikishapita mlango na nusu imelowa na imepata moto, haina tabia ile uliyoianza nayo. Dawa hutamaliza mililita 150 kwa kila hatua.

BiKliya

Naongeza la mwanga na la vitambaa, maana wengi hulaumu dawa ilhali kosa liko kwingine.

Ndugu mng'aro, ukimaliza mraba usiangalie chini ya taa ndefu za tyubu. Taa ndefu hutawanya mwanga na kuficha kila kitu. Chukua tochi moja ya LED, taa nyingine zizimwe, simama mita 1 hivi, uipeleke tochi taratibu upande upande. Utaona moja ya hizi:

Mistari mirefu inayofuata njia ya mashine na inahama ukihamisha tochi: hologramu. Chanzo ni rotari, sufu, au pedi ngumu.

Wingu la kijivu, na ukisogea karibu kabisa ni vialama vifupi kama koma, vimetapakaa kila upande: ukungu wa DA. Pedi ngumu mno, imejaa, au dawa imekauka.

Vikunjo kama mkia wa nguruwe, kimoja hapa kimoja pale: punje ya uchafu iliyonasa chini ya msasa au pedi. Hivyo ni virefu kwa kina, polishi ya kumalizia haitavitoa.

Mistari myembamba iliyonyooka, yote kuelekea ulikofutia: kitambaa chako.

Hii ya mwisho ipime kabla hujaanza. Chukua sehemu uliyokwisha kuitengeneza vizuri, ifute kwa kitambaa kikavu bila dawa, mara 5, kama unavyofuta siku zote. Mulika. Ukiona mistari, hakuna chupa duniani itakayokuokoa. Kwa 202 tumia vitambaa vya gramu 350 kwa mita ya mraba au zaidi, visivyo na pindo la uzi mgumu, lebo ikatwe. Vifuliwe peke yao, bila kilainishi cha nguo, maana kilainishi hupaka nyuzi zikaacha kunyonya. Kilichodondoka chini kikatumike kwenye rimu.

Na ukifuta mabaki ya polishi usisugue. Pulizia kidogo dawa laini ya kufutia vumbi na mabaki, weka kitambaa, subiri sekunde 2 mafuta yalainike, ndipo uvute.

Mzee_Rotari

PediNyeupe umeeleza vizuri, ila nisikubali kwamba rotari haimalizii. Rotari inamalizia nyeusi ikatoka bila mstari, na kwa fundi mwenye rotari tu hii ni habari njema. Tatizo la kijana ni mizunguko 1,800 na sufu.

Sufu iishie kwenye kukata. Hatua ya mwisho weka sponji laini kabisa, mizunguko 900 hadi 1,200, isizidi. Pedi ilale bapa. Ukiinua ukingo hata kidogo, nguvu yote inakwenda kwenye kipande chembamba cha ukingo wa pedi, na huo ndio unaochora. Tumia 3800, mapito mengi mepesi, na mapito ya mwisho ushuke mpaka 600 au 700 huku ukivuta mashine kuelekea kwako bila kuikandamiza.

Kingo za milango na mikunjo ya boneti zipigwe tepu. Pale kwenye ncha rangi huwa nyembamba kuliko kwingineko, na rotari huitoboa kwa sekunde chache.

Weka kiganja kwenye bati mara kwa mara. Likishindwa kushikika, umepitiliza zamani. Kwenye bampa ya plastiki hatari ni zaidi: plastiki haipitishi joto kama bati, joto linabaki pale pale, kliya inalainika na kukunjamana.

PediNyeupe

Mzee, nakubali kabisa, na mkono wako unaweza. Lakini rotari inadai ukingo usiinuke hata kwenye mkunjo wa mlango, mraba baada ya mraba, gari zima la ukubwa ule. DA inasamehe. Kwa mtu aliyenazo zote mbili na rangi ni 202, ushauri wangu unabaki DA. Hilo la bampa kila mtu aliandike ukutani.

Mikroni

Swali ambalo hajauliza lakini linamhusu: kimebaki kiasi gani?

Rangi nzima ya kiwandani, kuanzia praima mpaka juu, mara nyingi ni mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Kliya ndani yake ni kama 35 hadi 50. Karatasi ya kawaida ya A4 ni karibu mikroni 100, kwa hiyo kliya ni kama nusu ya karatasi. G3 kwa sufu inaweza kuchukua mikroni kadhaa kwa awamu moja. Polishi ya kumalizia kwa sponji laini huchukua chini ya mikroni 1. Gari hili limeshapigwa kompaundi, yaani dawa ya kukata, mara 2 ndani ya muda mfupi. Pima kwa kifaa cha unene kabla ya kurudia, sehemu 5 kila bati, kila moja peke yake. Ukikuta sehemu ya mlango iko chini ya 80, acha mikwaruzo yenye kina ibaki, ng'arisha tu.

Fenda na bampa zilizopigwa upya zitasoma tofauti. Fenda ikisoma 250 au 300 usifurahi ukadhani una akiba. Unene unaweza kuwa wa putii na praima, kliya ikawa ileile. Kifaa cha kawaida hakitenganishi tabaka. Na bampa ya plastiki hakisomi kabisa.

mng'aro_tz

Asanteni sana wakuu. Nimepima: mlango wa kulia 104 hadi 112, wa kushoto 98 hadi 109, boneti 95 hadi 101, fenda ya kushoto 240. Kitambaa cheupe kimetoka cheusi mlangoni, na cheupe kwenye fenda. Kwa hiyo gari ni rangi tupu, fenda ni kliya.

Jaribio mlango wa kulia: 3800 na sponji nyeupe ya ile seti (kidole kinazama vizuri), DA namba 4, mapito 6. Hologramu zimebaki kama theluthi. Nikapita M205 na sponji ya kati niliyonunua, mapito 5: hologramu zote zimeondoka. Nikafuata na 3800, sponji nyeupe mpya, mapito 5.

Mraba wa kwanza ni mweusi kama wino, nimeridhika kabisa. Mraba wa 4 na wa 5 vimerudi vile vialama vya koma, kidogo, vimejaa zaidi katikati ya kila pito. Dawa ileile, pedi ileile, mwendo uleule. Pia kwenye mraba wa 5 dawa ilianza kutoa vumbi jeupe. Ilikuwa saa 6 mchana, kibandani, mabati juu. Kitambaa nimekipima, kiko salama.

BiKliya

Hapo umejijibu mwenyewe mkuu: mraba wa 1 safi, wa 4 umeharibika, na kilichobadilika kati yao ni pedi na joto.

Pedi iguse katikati, upande wa velkro. Kama ina moto kuliko kingo zake, sponji imelainika ndani na kubonyea, na rangi iliyokauka imeganda usoni. Ukiitazama kwa pembe utaona kiduara kinachong'aa kama kimepakwa vanishi. Hicho kiduara ndicho kinachochapa koma. Brashi pekee haitakitoa. Badilisha pedi, hiyo ikaloweke.

Vumbi jeupe ni dawa kukauka kabla ya wakati. Chini ya mabati saa 6 mchana bati la gari jeusi linakuwa na joto kubwa hata kama jua haliligusi. Mafuta ya dawa yanakimbia, chembe zinabaki kavu. Fanya hatua ya kumalizia saa 12 asubuhi mpaka saa 3, au baada ya saa 11 jioni gari likiwa limepoa. Ikibidi mchana, mraba uwe sentimita 40 kwa 40 na pedi uipulizie maji mara 1, ukungu mwembamba tu. Yawe maji ya kuchemsha yaliyopoa au ya chupa. Maji ya kisima ya ukanda wa pwani mengi yana chumvi, yakikauka kwenye bati jeusi lenye joto yanaacha duara jeupe, na unakuwa umeongeza kazi.

PediNyeupe

Sahihi. Nami naongeza mawili.

Kwanza, baada ya M205 ulifuta kwa kitu gani kabla ya kuweka 3800? Kama ulifuta kwa kitambaa kikavu tu, mabaki ya M205 na weusi uliotoka vimeingia kwenye sponji laini. Pedi ya kumalizia inatakiwa ikutane na bati safi. Futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya alkoholi kwa sehemu 4 za maji, pulizia kidogo, futa kwa kitambaa kipya. Usiongeze ukali kwa sababu tu una chupa kamili. Rangi tupu laini ikipata alkoholi kali inavimba kidogo, na kitambaa kinachora wakati huohuo. Thina usiisogeze kabisa.

Kufuta huku pia ndiko kutakakokuambia ukweli. Mafuta ya polishi huziba mikwaruzo kama nta ilivyofanya mara ya kwanza. Mraba ukiwa safi kwa tochi baada ya alkoholi, hata ukioshwa mara 20 utabaki vile.

Pili, jaribu kupunguza mpaka namba 3 kwenye 3800 na uongeze pito 1. Kwenye rangi laini mwendo mkubwa wa DA ya milimita 15 unatikisa sponji kuliko inavyohitajika.

Mikroni

95 kwenye boneti baada ya kompaundi mara 2, na ni rangi tupu: fanya M205 mara moja tu pale, kisha 3800. Alama yoyote ambayo kucha inanasa ukiivuta juu yake, iache. Iko ndani mno kuliko unavyoweza kukata salama.

Mzee_Rotari

Fenda na bampa, kijana, zisikupoteze. Kliya ya 2K iliyokauka bila tanuri miezi 4 imeshakomaa, ila huwa na tabia tofauti na rangi tupu. Mara nyingi inakuwa ngumu kuliko 202, na 3800 na sponji laini inaweza kupita juu bila kufanya kitu. Tengeneza mraba wa majaribio wake yenyewe. Usibebe pedi yenye weusi wa mlango ukaipeleka fenda; tenga pedi 2 za upande huo.

Ukiona kwenye fenda mikwaruzo iliyonyooka sambamba, midogo, iliyojificha chini ya mng'aro, hiyo ni ya msasa wa namba 2000 ambayo haikumalizwa kufutwa. Hapo G3 inarudi kazini, safari hii kwa sponji, mizunguko 1,200 na maji, kisha ufuate ngazi ileile.

mng'aro_tz

Wakuu, nimerudia leo kuanzia saa 12 na nusu asubuhi. Pedi mpya ya kumalizia kila miraba 4, alkoholi kati ya hatua, DA namba 3, mapito 6. Mlango wote wa kulia umetoka. Tochi inaonyesha duara la balbu tu, pembeni yake hakuna mstari hata mmoja. Fenda imekubali M205 kwa sponji ya kati pekee, 3800 juu yake haikuongeza kitu ninachokiona.

La mwisho: pedi zilizotumika zisafishwe vipi? Nina 7 zimekuwa nyeusi tii.

BiKliya

Zisikauke na dawa ndani. Ziweke kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, dakika 30. Maji yasiwe ya moto wa kuunguza, gundi ya velkro inaachia, na sponji ikiachia mashine ikiwa inazunguka, sahani inashuka kwenye rangi. Kamua kwa kubana kati ya viganja. Usipindishe kama nguo, zinachanika pembeni mwa velkro. Suuza mpaka maji ya kukamuliwa yatoke bila povu, kisha ifunge kwenye DA, iingize ndani ya ndoo tupu na uizungushe sekunde 10 itoe maji.

Zianike kivulini, uso wa sponji chini juu ya wavu, ili maji yaondoke kwenye gundi. Ziandike mgongoni kwa wino: M205 au 3800. Iliyowahi kushika G3 isirudi hatua ya kumalizia hata ikifuliwa mara 10. Na kabla ya kuitumia tena ibonyeze kwa gumba kama PediNyeupe alivyoeleza. Ikiwa katikati inazama zaidi ya kingo, ipeleke kwenye kung'arisha taa.

Weusi hautatoka wote. Sponji ikibaki ya kijivu lakini laini na haina doa gumu, ni nzima.